Uusome Mchoro Kabla ya Hati

Aghalabu mtu akishatwaa kiwanja Dar es Salaam hujihisabu kuwa sultani wa ardhi ile, ilhali Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 imekwisha kutamka kwamba ardhi ya Tanzania Bara ni mali ya umma, naye Rais ndiye mdhamini wake. Alichopewa mwananchi ni haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99, tena kwa masharti yaliyoandikwa katika hati.

Kwa hiyo kila jamaa anijiapo kutaka shauri la kununua kiwanja, mimi huanza kumwuliza kama ameuona mchoro wa mipangomiji wa eneo lile, na habari ya bei huiacha baadaye. Hati itamwambia kwamba kiwanja ni cha makazi, au cha biashara, au cha yote mawili pamoja. Lakini haitamwambia kwamba uwanja mtupu ulio mbele yake, ambao dalali ausifia upepo, umetengewa soko au kituo cha mabasi. Hayo yamo mchoroni. Huenda naye katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, tukiwa na namba ya kiwanja na ya kitalu, tukamwomba afisa mipangomiji atufunulie mchoro na kutufasiria rangi zake. Kisha tukalinganisha na ramani ya upimaji, na mwisho tukafuatana na mpimaji kuzitafuta bikoni, yaani alama za mipaka. Siku moja tuliikuta bikoni ya pembeni katikati ya banda la kuku la jirani, naye bwana yule, kwa insafu yake, akacheka kabla yetu.

Desturi hii ya kuugawa mji kwa matumizi si ngeni, wala asili yake si njema: kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1914 ziliugawa mji huu katika kanda tatu, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuwatenga watu kwa rangi zao. Leo twaongozwa na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, ambayo madhumuni yake ni mengine, nami naiona yafaa kuheshimiwa hata pale inapotuudhi.

Fauka ya mchoro, yapo mambo mawili ambayo wauzaji huyanyamazia. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa bahari au ukingo wa mto. Na hifadhi ya barabara kuu, tangu sheria ya mwaka 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Chukua futi kamba, upime mwenyewe.

Ama ukitaka kuligeuza baraza la nyumba yako kuwa duka, usianze na fundi. Peleka ombi la kubadili matumizi ya ardhi kwa halmashauri, ukiambatisha nakala ya hati na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, nawe utake jibu la maandishi. Ombi likikubaliwa, kodi yaweza kukadiriwa upya. Ndipo urudi kuomba kibali cha ujenzi, kwani idhini ya matumizi peke yake haikuruhusu kuinua ukuta.