Dondoo muhimu: Kurekebisha kebo ya gia kwenye gari la otomatiki

Umeweka D, gari linasimama kama liko N. Au injini inagoma kuwaka kwenye P mpaka upeleke mkono wa gia N. Usikimbilie kushusha giaboksi; mara nyingi ni kebo tu imepoteza vipimo vyake.

Kwanza vuta breki ya mkono na uweke mawe magurudumuni, mbele na nyuma. Ukiondoka P hakuna kingine kinacholizuia gari. Injini iwe imezimwa na ekzosi imepoa.

Kabla ya kugusa spana, tikisa mwisho wa kebo pale inapoungana na giaboksi. Bushi ya plastiki ikiwa imelika, badilisha. Kukaza nati hapo ni kupoteza muda.

Kwenye Toyota nyingi kazi iko hivi: ndani ya gari weka N. Legeza nati ya kebo kwenye mkono mdogo ulio ubavuni mwa giaboksi. Usukume mkono huo mpaka mwisho upande wa P, kisha urudishe hatua mbili, ukisikiliza tik, tik. Hapo uko N kamili. Mwenzako akae ndani aegemeze gia kidogo kuelekea R bila kuitoa N, nawe ukaze nati.

Kisha jaribu ukiwa umekanyaga breki: iwake P na N pekee. Ikiwaka kwenye R au D, usiliingize barabarani.