Hodari wa Hesabu, Mzito wa Kusoma: Tumsaidie Vipi?

Somo la leo linawahusu wazazi na walimu wetu wa Ngoliba. Tunazungumza juu ya mtoto ambaye akitumwa dukani anarudi na chenji kamili, hesabu ameshaipiga njiani. Redio ikinyamaza, anaifungua na kuirudisha mpaka iongee. Lakini mpe kitabu asome kwa sauti! Anakwama, anaruka mistari, "baba" inageuka "dada". Basi tunasema ni mvivu, ama ati anajifanya.

Jambo hili si la juzi. Mwaka wa 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 mwenye akili nzuri na mpenzi wa hesabu, ambaye hata jina lake mwenyewe alilikosea kuliandika. Mwalimu wake aliona kwamba kama masomo yangefundishwa kwa mdomo tu, huyo angewashinda wote shuleni. Leo shida hiyo inaitwa disleksia. Si ujinga, wala si laana ya ukoo. Ubongo unapata taabu kuunganisha herufi na sauti zake.

Ugumu ni kwamba akili yake inaficha shida, na shida inaficha akili. Mtoto anakariri ukurasa mzima baada ya kuusikia mara moja, na mwalimu mwenye darasa kubwa anadhani amesoma. Mwisho wa muhula anapata alama za katikati, kwa hivyo hakuna anayemshughulikia.

Hapa tuwe waangalifu. Mtoto wa Kikuyu akiandika "rara" badala ya "lala", ama wa Kikamba akiandika "habali" badala ya "habari", hiyo ni lugha ya nyumbani inajitokeza, sio disleksia. Kinachotutia shaka ni neno moja kuandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, na taabu ile ile kuonekana hata akisoma lugha ya mama. Tena, kabla ya yote apimwe macho na masikio. Pengine anahitaji miwani tu.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inawahesabu watoto wenye vipaji vya pekee pamoja na wale wenye mahitaji maalum, na inakataza kumchapa mwanafunzi. Vituo vya kupima watoto, vinavyojulikana kama EARC, vilianza nchini mwaka wa 1984. Mzazi aulizie katika ofisi ya elimu, Thika. Pia kuna Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, kule Kasarani, Nairobi. Majibu ya upimaji yawekwe salama, maana shule ikitaka kumwombea mtoto muda wa ziada katika mtihani wa taifa, itahitaji ushahidi, na maombi yapelekwe mapema.

Darasani mwalimu anaweza kuanza bila pesa. Amsomee swali la hesabu, naye ajibu kwa mdomo. Amfundishe kusoma kwa sauti za herufi, maneno machache kila siku, akifuata mstari kwa kidole ama kipande cha karatasi. Asimsimamishe asome mbele ya wenzake kabla hajajiandaa. Na hili ndilo linalosahaulika sana: apewe hesabu ngumu zaidi, sio zile za wanaochelewa. Shule nyingi humsaidia kusoma huku zikimnyima kile anachokiweza, na hapo ndipo anapochoka na kuanza utoro. Kumrudisha nyuma darasa pia hakusaidii, maana atafundishwa kwa njia ile ile iliyomshinda.

Mkikutana katika kikundi, zungumzeni: Je, yuko mtoto kijijini anayetengeneza vitu vizuri lakini shule imemshinda? Nani atakwenda kuongea na mwalimu wake, na lini?