SOMO LA WANACHAMA: SHIRIKA LIKIVUKA MPAKA

Ukitoka Muhokya, ukakunja Kikorongo na kushika njia ya Bwera, utafika Mpondwe. Ng'ambo ya mto ni Kasindi, nchi ya Kongo. Watu wa pande hizi mbili ni ndugu, na wengi husikilizana kwa lugha moja. Lakini sheria haivuki mto pamoja nao.

Tangu mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2020, wengi wetu tumeona mashirika yakija na misaada, madaftari na simu za kuandikia majina. Somo letu la leo ni hili: shirika lisilo la faida husimama juu ya mafiga matatu, nalo figa moja likiondoka, chungu humwagika.

Figa la kwanza ni sheria. Nchini Uganda, Sheria ya mashirika ya mwaka 2016 inataka shirika liandikishwe na liwe na kibali. Tena haitoshi kuwa na karatasi ya Kampala: kabla ya kufanya kazi Kasese, ni lazima likubaliwe na wilaya na kutia sahihi mapatano nayo. Karatasi hizo hazina nguvu Kasindi. Huko hutawala sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2001, na chama hupewa hadhi ya kisheria na Waziri wa Sheria.

Figa la pili ni mitambo. Simu hurahisisha kazi, lakini jina lako likiingia ndani yake laweza kufika mbali. Orodha ya waliolalamikia mshahara ikianguka mikononi mwa tajiri, kazi itapotea. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inasema uombwe idhini na uelezwe sababu. Habari hizo zikipelekwa nchi nyingine, ulinzi wa huko uwe sawa na wa kwetu, au wewe mwenyewe ukubali. Tena mitambo huzimwa. Siku ya uchaguzi wa Februari 2016, huduma ya pesa kwa simu ilifungwa. Januari 2021 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Chama kisicho na daftari la karatasi kilikwama.

Figa la tatu ni siasa. Mwaka 2021 serikali ya Uganda ilisimamisha mfuko wa DGF, uliochangiwa na nchi za Ulaya; uliruhusiwa tena mwaka 2022, na mwaka huo huo ukafungwa. Januari 2025 Marekani nayo ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi zikalala Afrika Mashariki. Uamuzi ulitoka Washington, njaa ikabisha hodi vijijini.

Basi ndugu, tusiyakatae mashirika, wala tusiyapokee kwa kufumba macho. Tuyaulize. Na chama chetu wenyewe kitegemee kwanza ada ya wanachama, hata ikiwa ndogo, maana hiyo hakuna waziri wa ng'ambo awezaye kuifunga.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Shirika linalofanya kazi kwetu lina mapatano na wilaya? Nani ameyaona?
2. Majina yetu yanawekwa wapi, na nani huyasoma?
3. Mfadhili akiondoka kesho, kazi ipi tutaiendesha wenyewe?