Chama cha Wafanyakazi: Kinakupa Nini, Kinakugharimu Nini
Kijitabu kwa wafanyakazi wa Dzaleka, Kauma na Lilongwe

Kijitabu hiki ni cha mtu anayelipwa na mwingine kwa jasho lake: anayebeba magunia ya mahindi sokoni Lilongwe, anayefua na kupika katika nyumba za watu, anayefyatua matofali Kauma, mwalimu wa kambi ya Dzaleka anayelipwa insentivu, yaani posho badala ya mshahara. Swali ni lile lile kila mahali: nijiunge na sendika, yaani chama cha wafanyakazi, au nitakuwa natupa pesa zangu? Sisi tunasema jiunge pale inapowezekana. Ila ujue mapema chama kinaweza nini na kinashindwa wapi.

Wazee waliotoka Kongo wana sababu ya kusita. Mwaka 1967 Rais Mobutu aliunganisha vyama vyote vya wafanyakazi kuwa kimoja, kikawa mkono wa chama tawala, na chama cha namna hiyo hakiwezi kumtetea mtu mbele ya serikali. Wengine wamerithi kumbukumbu chungu zaidi: Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma Lubumbashi wakidai mshahara, askari wa mkoloni wakawafyatulia risasi uwanjani. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Malawi nayo ina historia yake. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza walikofungiwa wapinzani wa serikali ya Rais Banda. Mmoja wa waliotikisa utawala ule alitoka katika vyama vya wafanyakazi: Chakufwa Chihana, aliyekamatwa uwanja wa ndege wa Lilongwe Aprili 1992 kwa kudai vyama vingi vya siasa. Mwezi uliofuata wafanyakazi wa viwanda Blantyre waligoma, na watu wakafa. Kura ya maoni ya 1993 ikaumaliza mfumo wa chama kimoja.

Sheria inasemaje

Katiba ya 1994, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuunda chama cha wafanyakazi na kujiunga nacho, na pia haki ya kutojiunga. Hakuna wa kukulazimisha, wala mwajiri hana ruhusa ya kukufukuza kwa sababu ya uanachama. Ipo pia Sheria ya Mahusiano Kazini ya 1996. Kwa sheria hiyo, chama kikipata asilimia 20 ya wafanyakazi wa mahali pa kazi, ukiacha mabosi wakubwa, mwajiri anapaswa kukitambua na kuketi nacho mezani.

Asilimia 20 si mlima. Chukua ghala lenye wapakiaji 40: wanatosha wanane. Mpakiaji mmoja akienda kwa bosi kusema amefanya kazi zaidi ya saa 48 kwa wiki bila malipo ya ziada, ataambiwa mlango uko wazi, nje wako wengi wanaotafuta kazi. Wanane wakiwa na chama kinachotambuliwa, malalamiko yale yale yanaandikwa, yanapewa tarehe ya kikao, na bosi analazimika kuyajibu. Kisha yanaweza kuingia katika mkataba wa pamoja, na hata mpakiaji atakayeajiriwa mwakani atafaidika.

Faida nyingine haionekani mpaka siku ya matatizo. Sheria ya Ajira ya 2000 inataka mtu apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kufukuzwa. Wengi hawalijui hilo. Mwakilishi wa chama analijua, na atakaa kando yako katika kikao hicho.

Gharama zake

Kwanza ni ada. Kwa mtu ambaye mshahara wake unaishia kwenye unga na kodi ya nyumba, kila kwacha ina kazi yake, na chama kisichoonyesha hesabu kinakula chakula cha watoto wake. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kiongozi anayeng'ang'ania kiti na kuficha vitabu vya fedha huwavunja wanachama moyo kuliko mwajiri mkali.

Pili ni mgomo. Huwezi kugoma leo kwa hasira ya jana. Mgogoro lazima upitie usuluhishi kwanza, na ukishindikana, mwajiri na wizara ya kazi wapewe taarifa ya maandishi siku saba kabla. Marekebisho ya sheria ya 2021 yaliwapa waajiri nguvu ya kukata mishahara ya wanaogoma. Wasiogoma nao huumia: mapema mwaka huo huo walimu wa Malawi waligoma wakidai posho ya hatari ya UVIKO-19, na wanafunzi wakakosa masomo wakati shule ndiyo kwanza zimefunguliwa.

Tatu, watu wa ganyu, yaani vibarua wa muda, huachwa nje. Vyama vingi vimejengwa kwa ajili ya wenye mishahara ya kudumu. Kipo hata hivyo MUFIS, chama cha wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi, na mchuuzi au kibarua wa Kauma anaweza kuanzia hapo.

Kwa mkimbizi

Hapa tuseme wazi. Katiba inasema kila mtu, haisemi kila raia. Lakini Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, iliweka masharti: kifungu cha haki ya kujiunga na vyama inakichukulia kama pendekezo tu, na ilijiachia uamuzi kuhusu ajira na mahali mkimbizi atakapoishi. Mwaka 2023 wakimbizi wa mijini walipoamriwa kurudi Dzaleka, wengi walipoteza maduka na kazi. Chama kinaweza kukutetea katika mshahara. Kibali cha kufanya kazi au kuishi mjini hakiwezi kukupa, na anayekuahidi kibali ili ulipe ada anakudanganya.

Wanaolipwa insentivu kambini hawahesabiwi kama waajiriwa wa kawaida, kwa hiyo asilimia 20 haiwasaidii sana. Wanachoweza ni kuchagua kamati, kuandika madai kwa pamoja na kuyawasilisha kwa shirika wanalolifanyia kazi, nakala wakibaki nayo. Ni silaha ndogo, lakini barua yenye sahihi 30 haipotei kirahisi kama malalamiko ya mtu mmoja mlangoni.

Kabla hujalipa ada

Uliza kama chama kimesajiliwa na Msajili katika wizara ya kazi. Uliza uchaguzi wa mwisho ulifanyika lini, na omba kuona hesabu za mwaka uliopita. Ada isikatwe kwenye mshahara bila wewe kuweka sahihi. Ukilipa mkononi, dai risiti. Mama anayefanya kazi za nyumbani na asiyesoma Kiingereza aende na mtu anayemwamini amsomee fomu neno kwa neno.

Na kama umeshafukuzwa, usisubiri kujiunga kwanza. Malalamiko ya kufukuzwa isivyo haki hupelekwa kwa Afisa Kazi wa Wilaya ndani ya miezi mitatu, uwe mwanachama au la. Wa Dzaleka ofisi yao iko Dowa, wa Kauma waende Lilongwe. Beba karatasi yoyote yenye tarehe: mkataba, hati ya malipo, hata ujumbe wa simu alioutuma bosi.