Usitume Neno ili Uonekane Mwenzao

 

Leo tujifunze juu ya ulimi, na juu ya kidole kinachotuma habari kwa simu, kwa maana kidole ni ulimi wa pili.

Mnakumbuka Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Ilitwaa watu zaidi ya 2,200. Wakati ule simu zilijaa maneno: Ebola ni biashara, Ebola imeletwa kutumaliza. Uchungu ulikuwa na sababu. Tangu 2014 watu wa Beni walikuwa wakiuawa, na Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo. Siku iliyofuata kituo cha Beni kikavamiwa na wagonjwa wakakimbia. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikatiwa moto.

Kijana mmoja alinikiria kwamba maneno yale hakuyaamini. Aliyatuma katika grupu ya WhatsApp kwa kuogopa kwamba akinyamaza, wenzake watasema amekula pesa ya riposti. Alitaka tu wajue kwamba yeye ni wao.

Ndugu yangu, hapo ndipo penye hatari. Neno linalokubaliwa na kila mtu halionyeshi wewe ni wa nani. Neno linalokataliwa na wengine ndilo linalogeuka kitambulisho. Basi hatuulizi tena: ni kweli? Tunauliza: nani yuko pamoja nasi? Na aliyetuma kwa kutafuta wenzake, mwingine akalisoma akaliamini, akamficha mgonjwa nyumbani mpaka jamaa nzima ikaambukizwa.

Hata Madina jambo hili lilitokea. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alisingiziwa. Wanafiki walianzisha, lakini waumini pia walipokea na kupitisha. Mtume (s.a.w.) alipouliza nani atamsaidia juu ya mwenye kueneza uongo ule, Aws na Khazraj karibu wapigane msikitini, kila mmoja akitetea kabila lake. Sura An-Nur ikashuka, ikamtakasa Bibi Aisha, ikawakemea waliosema kwa midomo wasilolijua. Lakini imepokewa kwamba Abu Ayyub na mke wake walikataa uvumi ule ndani ya nyumba yao. Je, walitoka katika umma? Hapana. Wao ndio walioulinda.

Basi habari ikikufikia, jiulize: nani aliona? Nikituma, nani ataumia? Kama ningekuwa peke yangu, bila mtu wa kunisifu, ningeituma? Ukikosa jibu, andika tu: "Sina hakika." Anayekupenda kwa ajili ya Allah hatakufukuza kwa neno hilo. Na aliyekwisha kutuma uongo, arudi katika grupu ileile aseme nilikosea. Hiyo ni sehemu ya toba.

Allah atulinde ndimi zetu na vidole vyetu. Amin.