Dondoo muhimu: CSS inapogoma kwenye localhost

Ukurasa ukifunguka mweupe, bila rangi wala mpangilio, usifute kazi yako. Kagua haya kwanza:

1. Bonyeza F12, fungua Network, kisha pakia ukurasa upya: 404 maana yake seva haikulipata faili.
2. Chunga alama ya / mwanzoni: "/css/style.css" hutafutwa kwenye mzizi wa seva, si ndani ya folda ya mradi wako.
3. Usiweke C:\xampp\htdocs kwenye href.
4. Linganisha herufi: Linux hutofautisha Style.css na style.css.
5. Usisahau rel="stylesheet".
6. Washa uonyeshaji wa viendelezi vya faili; huenda umehifadhi style.css.txt.
7. Mabadiliko hayaonekani? Bonyeza Ctrl+F5 kuipita nakala ya zamani iliyohifadhiwa na kivinjari.
8. Kwenye Flask, weka faili ndani ya folda ya static.