MSHAHARA AU KOMBE? FUNZO LA MKATABA KWA MCHEZAJI MPIRA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Vijana wetu wakitoka chuoni alasiri hukimbilia uwanjani, na baadhi yao hutamani mpira uwe kazi yao. Swali wanaloniuliza ni hili: mchezaji yumo katika timu inayotwaa makombe, kisha ikaja nyingine yenye mshahara mnono, achague ipi? Tutazame mifano miwili, kisha tutoe funzo.

1. Feisal Salum

Kijana huyu wa Zanzibar, maarufu kwa jina la Fei Toto, alijiunga na Yanga mwaka 2018. Mwaka 2022 alitwaa nayo ubingwa wa Tanzania Bara. Mwezi Desemba mwaka huohuo alitangaza kuvunja mkataba, hali ya kuwa ulikuwa umebakia hadi Mei 2024. Alieleza kuwa hakuridhika na maslahi yake. Yanga ilikataa, na Januari 2023 kamati ya TFF iliamua kuwa yeye bado ni mchezaji wa Yanga.

Miezi ikapita bila kucheza. Wenzake wakatwaa ubingwa na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakalikosa kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger. Juni 2023 klabu zilikubaliana, naye akahamia Azam. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19, lakini ubingwa ulikwenda tena Yanga, Azam ikawa ya pili.

2. Mbwana Samatta

Samatta alitoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Huko alipata maslahi na kombe pia, kwani mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika. Mwaka 2019 alikuwa bingwa wa Ubelgiji na Genk. Januari 2020 aliiacha timu bingwa akaenda Aston Villa ya Uingereza, iliyokuwa ikipigania isishuke daraja. Uhamisho huo ulikuwa kwa makubaliano ya klabu zote mbili, hapakuwa na mvutano.

3. Tunajifunza nini?

Mchezaji anayelipwa ni mwajiriwa. Mkataba wake ni ijara: kazi maalumu, kwa muda maalumu, kwa ujira maalumu. Kutafuta ujira mkubwa wa halali si kosa, kwani ana wazazi na watoto wanaomtegemea, na miaka ya mpira ni michache. Kupenda kombe pia si kosa. Basi swali zito si "achague ipi?" bali ni "achague lini, na aondoke vipi?" Qur'ani Tukufu, mwanzoni mwa Suratul Maida, inawaamrisha waumini kutimiza mikataba. Na mwajiri naye ana wajibu: Mtume (S.A.W.) amehimiza mfanyakazi alipwe haki yake bila kucheleweshwa.

Mfano wake tunaujua hapa Bwejuu. Mvuvi ameahidiana na nahodha kwenda naye dago bamvu zima. Siku ya tatu chombo kingine kinamwita kwa mgao mkubwa zaidi. Akiondoka usiku kimyakimya, nani atavuta nyavu na wenzake? Lakini akimwendea nahodha, akasema naye, wakaridhiana, hapo hana lawama.

Kwa Feisal hatuhukumu. Yaliyokuwa baina yake na klabu wanayajua wenyewe. Sisi tunachukua mazingatio tu:

(a) Fikiri kabla ya kutia saini. Soma mkataba wote, au usomewe na mtu mwaminifu anayeelewa.
(b) Ujira ukiwa mdogo, sema kabla ya kusaini. Ukisha kusaini, omba kwa mazungumzo.
(c) Ukitaka kuondoka, ondoka kwa ridhaa ya pande zote au kwa masharti yaliyoandikwa.
(d) Kombe hukaa kabatini na fedha huisha. Sifa ya uaminifu hutangulia mbele yako kila uendako.

Maswali ya kujipima

1. Ijara ni nini?
2. Taja wajibu mmoja wa mchezaji na mmoja wa klabu.
3. Muulize mzazi wako: je, amewahi kuacha kazi yenye ujira zaidi kwa sababu ya ahadi?

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na ndimi za kweli. Amin.

Wallahu a'lam.